Mahudhurio ya Njia ya Vudee

Dar es Salaam,
6 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na maparachichi yamefika, ingawa mawili yalifika yakiwa uji na kondakta wa basi akaapa kwamba yalipakiwa hivyo hivyo huko Same.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu ulishaniambia simu ni ya kuulizia kama ng'ombe amezaa, mambo mengine yaandikwe. Hili ni la kuandikwa. Baba, nahitaji msaada wako ili nimalize chuo.

Unajua nasomea mipango ya usafiri wa mijini. Mwaka huu wa mwisho kila mwanafunzi anafanya utafiti wake. Wenzangu karibu wote wamekimbilia mabasi ya mwendokasi ya hapa Dar. Mimi nimeomba mji wetu wa Same. Msimamizi wangu, Dakta Yasmini, alicheka. Akaniuliza, "Same kuna foleni gani?" Nikamjibu kwamba foleni ya Same iko milimani, inateremka tangu asubuhi, na wengi waliomo hawana magurudumu. Akasaini.

Sasa nahitaji hesabu ya watu wanaopita njia panda ya hapo juu Vudee, karibu na kanisa, siku moja ya Jumanne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ningekuja mwenyewe lakini nina mitihani. Fomu nimeambatanisha. Ina safu tatu: kwa miguu, bodaboda, gari. Pembeni unaweka alama kama mtu ana mzigo.

Nakuomba mambo mawili tu. Usiandike majina ya watu, kanuni za utafiti zinakataza. Na iwe siku ya kawaida kabisa, watu wapite kama wanavyopita siku zote.

Msalimie Mama sana.

Binti yako,
Ernesta


Vudee,
20 Machi 2025

Mwanangu Ernesta,

Marahaba. Kazi uliyonituma nimeikamilisha juzi Jumanne, tarehe 18. Nilikaa njia panda kwa saa kumi na mbili, mvua ikinyesha, chini ya mwamvuli ambao una mbavu tatu tu zinazofanya kazi. Mchana nilikula nikiwa nimesimama ili nisimkose mtu.

Matokeo ni haya. Kwa miguu, watu 1,312. Bodaboda, 41. Gari, 6. Sikuongeza hata mmoja na sikupunguza hata mmoja. Mama yako naye alipita saa kumi na mbili na dakika kumi juu ya pikipiki ya Nickson, mzigo wake wa ndizi umefungwa nyuma, akielekea sokoni kama kila Jumanne. Nikamwekea alama kwenye safu ya bodaboda kama mtu mwingine yeyote. Sikumpendelea.

Ulisema nisiandike majina. Kwenye fomu sikuandika.

Namba hizo uziweke vizuri mbele ya wakubwa wa chuo, waone kwamba Vudee kuna watu.

Baba yako,
Mwl. Asheri


Dar es Salaam,
5 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Barua hii naiandika mara ya tatu, mbili nimezichana.

Nilikabidhi rasimu ya utafiti wangu wiki iliyopita. Leo Dakta Yasmini ameniita ofisini, akafunga mlango. Akaweka kidole kwenye 1,312 na kuniuliza, "Ernesta, siku hii kulikuwa na msiba?" Nikasema sijasikia msiba. Akasema, "Basi hizi namba umezipika." Ameshasimamia tafiti nyingi za barabara za vijijini, na anasema njia kama hiyo haipitishi hata watu mia tatu kwa siku.

Baba, sijazipika. Nilizinakili kutoka kwenye fomu yako. Lakini nikizitazama sasa naona hata mimi ningemshuku mtu aliyeniletea.

Nimepewa hadi tarehe 30 mwezi huu. Nisipoeleza zilikotoka, napelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, na aliyepika takwimu hapewi shahada. Miaka minne yote inakwenda na maji. Sijalala vizuri, na chakula hakipiti.

Nakuuliza kwa heshima zote, Baba. Siku ile kulikuwa na nini?

Ernesta


Vudee,
9 Mei 2025

Ernesta,

Marahaba.

Nimefundisha miaka thelathini na miwili. Kila asubuhi ya miaka hiyo niliita majina darasani, na hakuna siku niliyomwandika yupo mtoto ambaye hayupo. Wewe mwenyewe nilikuandika hayupo siku ile uliyojificha kwenye migomba, na jioni ulikuja kula chakula changu. Leo ananiuliza mtu, na mtu huyo ni binti yangu, kama najua kuhesabu.

Siku ile hakukuwa na msiba. Hakukuwa na harusi. Hakukuwa na mkutano wa kisiasa. Kila niliyemwekea alama alipita mbele ya macho yangu haya mawili kwa miguu yake miwili.

Huyo Dakta mwambie aje Vudee. Asipokuja, nitakuja mimi Dar na kusimama mbele ya hiyo kamati, na ikiamua vibaya nitakata rufaa, na ikiamua tena vibaya nitakata tena.

Kula chakula.

Mwl. Asheri


Vudee,
10 Mei 2025

Mwanangu Ernesta,

Barua hii nimeificha ndani ya mahindi ya makande ninayokutumia. Baba yako hajui kama nakuandikia. Nimeisoma yako alipokuwa zizini, nikalia.

Baba yako hajadanganya, ila hajasema yote. Jumapili kabla ya kuhesabu alimpa mwinjilisti Naftali tangazo. Likasomwa kanisani baada ya sadaka. Lilisema Jumanne kutakuwa na msaragambo wa kupita njia panda kwa ajili ya masomo ya Ernesta wa Mwalimu Asheri, na kila kaya itoe watu.

Unawajua watu wa huku, msaragambo ukiitwa, ile kazi ya pamoja ya kijiji, hakuna anayebaki nyumbani. Walikuja hadi wa vitongoji vya juu. Wengine walikuja na majembe kwa mazoea, wakauliza mtaro uko wapi. Wakaambiwa hakuna mtaro, ni kupita tu. Wakapita. Wanafunzi walipita mistari miwili wakiimba. Bibi Prisca alishuka na kupanda mara nne na fimbo yake, akasema mtoto huyu nilimpokea mimi alipozaliwa, hafeli. Wanawake walichemsha makande pale pale njia panda.

Usimkemee baba yako. Unakumbuka alivyokuwa akisimulia habari ya zahanati? Walipokuja watu kuhesabu kaya, ilikuwa siku ya palizi, watu wote wako shambani. Wakatuona wachache, zahanati ikapelekwa kwingine. Tangu siku hiyo akisikia kuhesabiwa anaogopa. Alisema safari hii hawatatukuta wachache. Nia yake ilikuwa wewe ushinde na sisi tuonekane.

Jambo lingine. Majina aliyaandika. Ana daftari la mahudhurio la zamani la shule, kila aliyepita yumo, na saa yake, na Bibi Prisca yumo mara zote. Liko kwenye sanduku lake chini ya suti ya harusi.

Ndiyo hivyo nimekwambia. Mimi mambo ya kufichana ndani ya nyumba siyawezi.

Mama yako,
Susana


Dar es Salaam,
14 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kuna ndege amepita hapa akaniambia habari ya msaragambo. Usimtafute huyo ndege, nakuomba.

Nilipoisikia nililia kwanza. Kisha nikamwona Bibi Prisca kichwani mwangu, anashuka na fimbo, anageuka, anapanda, na nikacheka peke yangu hadi mwenzangu wa chumbani, Husna, akaja kunishika paji la uso.

Asubuhi nikaenda kwa Dakta Yasmini, nikamwambia yote bila kuficha. Alinisikiliza akiwa amekunja uso. Nilipofika kwenye watu waliokuja na majembe, akavua miwani akajifuta macho. Akasema, "Kijiji kizima kimetembea mvuani ili wewe ufaulu, na kimekuharibia kabisa." Baba, yeye hakukasirika. Amesema namba zilizoharibika si namba za kupikwa, kuna tofauti kubwa, mradi ziwe na ushahidi.

Ushahidi ni daftari lako. Ndiyo, najua lipo. Nilikukataza majina, na sasa ukaidi wako ndio unaoniokoa. Nitumie kwa mkono wa kondakta. Dakta atalisoma yeye tu, kisha litarudi kwako.

Anataka pia hesabu ya pili. Safari hii usikae njia panda. Shuka hadi daraja la chini, lile lililo mbele ya kona kali, mwendo wa kama saa moja kutoka nyumbani. Anasema aliyehesabiwa karibu na mlango wake hatujui atafikaje mbele. Jumanne tarehe 20, na uandike pia kama ni mwanaume au mwanamke. Baba, tangazo lisiwepo. Mwinjilisti Naftali asijue, Bibi Prisca asijue. Hata Mama usimwambie. Mwambie unakwenda kuangalia shamba la chini.

Nisamehe kwa barua yangu ya mwanzo. Najua unajua kuhesabu.

Ernesta wako


Vudee,
21 Mei 2025

Mwanangu mpendwa Ernesta,

Marahaba. Daftari nimelituma leo. Lisipate maji.

Kwanza nakiri. Tangazo lilikuwa langu. Uliandika siku ya kawaida, nami nililisoma neno hilo, nikalielewa, nikalipita. Niliona wakubwa wa chuo watakuta watu mia mbili tu, watasema hapa hapana haja ya barabara wala gari. Sikufikiri kwamba nakutia wewe kwenye shimo. Uliponiuliza nikajibu kwa hasira kwa sababu nilishajua kosa ni langu. Nisamehe, mwanangu. Mwanafunzi angenifanyia hivyo ningemwadhibu.

Sasa hesabu ya jana. Hakuna aliyejua. Niliondoka mapema, nikamuaga mama yako kwamba nakwenda shamba la chini. Nilikaa kwenye jiwe mwishoni mwa daraja. Jumla ni watu 187 kwa miguu, bodaboda 19, gari 4. Ndiyo kawaida yetu. Ni wachache, lakini ndio sisi.

Kuna jambo moja halikai kwenye fomu, ndiyo maana nakuandikia ukurasa wa pili.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini alitokea kwenye kona mtu wa tisa. Mwanamke, kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani na kikapu mkononi, anachechemea kidogo mguu wa kulia. Nikaweka alama: kwa miguu, ana mzigo. Aliposogea nikaona ni mama yako.

Alisimama katikati ya daraja. Mimi nina kalamu mkononi na shamba la chini halipo hapo. Yeye ana ndizi kichwani na pikipiki ya Nickson haipo. Kisha akasema, "Niandike basi, Mwalimu, mzigo unanielemea." Nikamwambia nimeshamwandika. Akapita.

Jioni ndipo aliponieleza. Novemba iliyopita, kwenye matope ya kona ile, pikipiki iliteleza akaanguka na goti likapasuka. Mimi aliniambia amejikwaa kisimani, nikaamini, nikamkanda kwa maji ya chumvi. Tangu siku hiyo anaogopa pikipiki kama nini. Hakutaka nijue, kwa kuwa alijua ningemkataza soko. Kwa hiyo kila Jumanne anapanda kwa Nickson mbele yangu, Nickson anamshusha kabla ya kona, naye anateremka kwa miguu saa mbili zaidi hadi kwenye lami. Jioni Nickson anamngoja pale pale, anamleta mlangoni, nami nampokea na kumuuliza kama safari ilikuwa njema. Miezi sita, Ernesta. Katika zile namba zote za Machi, moja niliyoiamini kuliko nyingine ni ile ya mama yako, na ndiyo niliyoiandika vibaya.

Leo nimemwita Nickson. Amekiri huku ameshika kofia. Akaniambia si mama yako peke yake. Karibu wanawake wote wenye mizigo huomba kushushwa kabla ya kona siku za mvua. Kabla ya kulituma daftari nimelinganisha, wanawake aliowataja wote nimewaandika bodaboda. Hivyo safu yako ya bodaboda ya njia panda usiiamini.

Nilimuuliza mama yako, kwa nini hukupumzika njiani, na mguu ule? Akanishangaa. Akasema kushuka si kazi, kazi ni kutua mzigo. Ukiutua peke yako, nani atakutwika tena? Kwa hiyo hawatui. Nimeishi naye miaka thelathini na sikulijua hilo.

Sijamkataza soko. Nilitaka, ila nimeona kwanza nikuandikie.

Baba yako,
Asheri


Dar es Salaam,
13 Juni 2025

Baba na Mama,

Shikamooni. Hii muisome pamoja, mezani, na asiwepo wa kumficha mwenzake.

NIMEFAULU!

Jana nilisimama mbele ya walimu watano. Niliwaeleza msaragambo wote, tangu tangazo hadi majembe, nikaonesha hesabu zote mbili moja juu ya nyingine. Mwalimu mmoja mkali, ambaye kila mtu humwogopa, aliuliza kwa nini sikuificha ile ya kwanza na kuleta ya pili tu, nani angejua. Nikamwambia hiyo ya kwanza ndiyo iliyonifundisha kwamba watu wanaoona kuwa hawaonekani, wakisikia wanahesabiwa, huja wote. Akaandika kitu. Nilidhani naandikiwa kufeli.

Kisha nikawaeleza habari ya kona, bila jina la mtu. Kwenye rasimu nilikuwa nimependekeza kituo kipya cha bodaboda pale Same, basi. Nimekifuta. Badala yake nimeweka gari moja la asubuhi siku za soko, kona ile itengenezwe, na kando ya njia vichanja vya kutulia mzigo, vya kimo cha bega, ili mtu asogee, ausukume mzigo pale, apumzike, kisha auchukue tena bila kumngoja wa kumtwika. Katika vitabu vyangu vyote vya miaka minne kuna baiskeli, kuna treni, kuna njia za watembea kwa miguu. Kichanja cha mzigo nimekitoa kwa Mama.

Nilipotoka, Dakta Yasmini alinikumbatia. Akasema, "Nyie Wapare mnasifika kwa kesi, nami nimeona jinsi mnavyozishinda." Baba, nilimwambia ulikuwa tayari na rufaa mbili.

Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Nimeamka na njaa.

Nimepewa sahihisho moja dogo. Kati ya watu 187 wa darajani hakuna mwanaume hata mmoja aliyebeba mzigo kichwani wala begani. Yule mwalimu mkali ameuliza kama ni kosa la uchapaji. Nikamjibu hapana, mwalimu, ndivyo ilivyo. Naandika maelezo mafupi chini ya jedwali.

Mama, goti vipi? Niambie kweli.

Ernesta wenu


Vudee,
25 Juni 2025

Mwanangu Ernesta,

Marahaba. Barua yako baba yako aliisoma kwa sauti, akafika kwenye neno NIMEFAULU akanipa niendelee mimi, eti miwani ina vumbi. Tumemshukuru Mungu. Mzigo uliokuwa kifuani umeshuka, sasa nalala.

Goti ni zima kiasi. Nilikwenda kulipima, nimepewa dawa ya kuchua. Hii ni kweli.

Jumapili Naftali alisoma tangazo tena. Msaragambo wa kujenga kichanja karibu na kona. Watu wakauliza, safari hii tuje na majembe au tupite tu? Kanisa zima lilicheka, baba yako akiinamisha kichwa. Jumatatu kimejengwa, cha miti na mawe, kimo cha bega langu. Bibi Prisca alisimama hapo kupimiwa, kisha wakaona atatupunja sisi warefu.

Jana ilikuwa soko. Nilipotwikwa mkungu, baba yako akauondoa kichwani kwangu akauweka begani kwake. Tukatoka kwa miguu, mimi na kikapu, yeye na ndizi. Njia panda watu walitoka nje kutazama. Nickson alizima pikipiki. Kwenye kichanja alipumzika vizuri kama mtu mkubwa. Kutoka hapo hadi kwenye lami vichanja havijajengwa, akautua mzigo chini mara nne, na mara zote nne nilimtwika mimi.

Tulipofika alikuwa hawezi kugeuza shingo. Akaniambia nikuandikie uongeze mwanaume mmoja kwenye jedwali. Nimemwambia karatasi za chuo zimeshafungwa.

Lakini wewe mwandike, mwanangu. Mwandike kwa penseli, hadi tuone Jumanne ijayo.

Mama yako,
Susana